BETRI INASINGIZIWA BURE! Pima kwanza, nunua baadaye

MJINI hapa hakuna kitu kinachosingiziwa kama betri ya gari. Gari ikigoma asubuhi, betri. Taa zikififia usiku, betri. Redio ikikata, betri. Mwenye gari anaingia mfukoni, anatoa mkwanja, anafunga betri mpya inayong'aa, anawapigia honi washkaji wa kijiweni kwa raha zake. Wiki chache baadaye yuko palepale, boneti juu, mikono kiunoni, watoto wa mtaa wamejipanga nyuma wanasubiri kuambiwa "sukuma!"

Mpenzi msomaji, kama hiyo imeshakukuta, ukurasa huu ni wako. Na kama bado unapanda daladala, usikimbilie kufungua nyota zako za wiki hii. Riziki haina siku maalumu. Kesho unaweza kukabidhiwa funguo, na mafundi wa mjini hawamhurumii mgeni.

Ninachosema ni hiki: betri ni mtuhumiwa tu, si mfungwa. Kabla hujaihukumu unahitaji ushahidi, na ushahidi wa umeme wa gari ni namba. Hizo namba anaweza kuzisoma hata mtu ambaye hajawahi kushika spana.

KIBUBU NA MSHAHARA

Kwanza tujue nani anafanya nini chini ya boneti.

Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha stata. Ni sekunde chache tu, lakini zinakula umeme mwingi, hata zaidi ya ampea 100. Injini ikishaunguruma, betri inapumzika. Taa, redio, feni, vaipa, pampu ya mafuta na kontroli boksi vyote vinalishwa na alteneta, ambayo wakati huohuo inairudishia betri kile ilichotoa.

Alteneta inazungushwa na injini kwa mkanda. Ndani yake kuna dayodi zinazougeuza umeme uwe wa aina ambayo betri inaweza kuupokea, na kuna regyuleta inayozuia umeme usipande kupita kiasi. Kuna pia kaboni mbili ndogo zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Hizo kaboni zinalika taratibu kama kifutio cha penseli.

Kwa lugha ya mtaani, betri ni kibubu, alteneta ni mshahara. Mshahara ukikatwa, kibubu kitakusogeza siku mbili tatu halafu kinabaki kitupu. Sasa mtu ambaye mshahara wake umekatwa, halafu anakwenda kununua kibubu kipya, wewe utamwita nani?

Tena kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaisahau. Mshahara unaweza kuwa umelipwa wote, kibubu nacho ni kizima, lakini pesa zinaishia njiani. Hapo ndipo yalipomkuta binamu yangu.

BETRI MBILI, MIEZI SABA

Binamu yangu anaendesha gari ndogo ya Kijapani, teksi ya kuitwa kwa simu. Gari si yake. Kila jioni kuna hesabu ya bosi, na bosi hataki kusikia habari za betri. Hesabu ikipelea mara mbili, unaanza kusikia maneno ya "tutaangalia mtu mwingine".

Alinunua betri ya kwanza. Baada ya miezi minne ikaanza kulia "kih, kih, kih" alfajiri, saa ambayo abiria wa uwanja wa ndege wanaitana. Akanunua ya pili kwenye duka jingine. Miezi mitatu haikuisha, mchezo ukaanza upya. Fundi mmoja akamwambia alteneta imekufa, atafute ya mtumba. Fundi wa pili akamwambia hapana, betri za siku hizi ni feki, anunue ya bei kubwa zaidi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika mita.

Alipokuja kwangu tayari alikuwa ameshaomba mkopo kwa rafiki yake, ili anunue vyote viwili. Ada ya mtoto ilikuwa imesogezwa mbele. Mkewe alikuwa ameshaanza kununa.

"Kaka, nipigie hata elfu hamsini tu," aliniambia.

"Dogo, hizo hela hutazihitaji mpaka tupime," nikamjibu. Tukapanda gari (baada ya kuisukuma, bila shaka) mpaka Gerezani, kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari ambaye mimi humkubali kwa jambo moja: haongei kabla ya mita kuongea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zimeni gari, fungueni boneti, tukae kwanza. Betri ikitoka kuchajiwa inadanganya."

Kila alichofanya baada ya hapo unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Nafuatilia hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: MACHO NA VIDOLE

Zima gari, toa ufunguo. Vua pete, saa ya chuma na cheni, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja unapigwa shoti ambayo itakuachia kovu. Sigara weka mbali. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Dada zangu, nywele ndefu na mtandio vifungwe nyuma kabla ya kuinamia injini inayounguruma.

Tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani ni adui, kwa sababu umeme haupiti vizuri hapo. Shika kile kibano cha waya ukizungushe kwa mkono. Kikizunguka, kimelegea. Kabla hujafukuza betri, safisha kwa maji ya moto yenye magadi ya unga, sugua kwa msasa, kausha, kaza. Ukifungua, anza na upande wa hasi (-). Ukifunga, malizia na huohuo.

Kisha mkanda. Ukiwa na nyufa, au unang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa, au unalia "kwiiii" unapowasha gari asubuhi, unateleza. Injini ikiwa imezimwa, jaribu kuzungusha puli ya alteneta kwa mkono. Ikiteleza kirahisi juu ya mkanda, basi mkanda umelegea, na alteneta inakula mshahara bila kufanya kazi.

Mwisho, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, lazima iwake. Injini ikiunguruma, lazima izime. Ikigoma kuzima, kuna tatizo la kuchaji. Ikigoma kuwaka kabisa, usishangilie. Pengine balbu imekufa au waya wake umekatika, na siku alteneta ikifa hutapewa taarifa. Kumbuka pia kwamba taa kuzimika si hati ya afya. Ya binamu yangu ilikuwa inazimika vizuri kabisa.

HATUA YA 2: BETRI IKIWA IMELALA

Sasa chukua mita, kile kidude chenye waya mwekundu na waya mweusi. Wauza vifaa vya umeme wanazo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Nyekundu kwenye chanya (+), nyeusi kwenye hasi (-).

Gari iwe imepumzika saa kadhaa, na asubuhi kabla ya kuwasha ndiyo nzuri zaidi. Kama huna muda, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja na volti 2.1 hivi. Ndiyo maana betri iliyoshiba inasoma 12.6 au juu kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu. Kwenye 12.2 imefika nusu, na 12.0 ni robo tu. Ikigoma kupanda juu ya 10.5 hata baada ya kuchajiwa, inawezekana chumba kimoja kimekufa, na hapo kweli mtuhumiwa ana hatia.

Ya binamu yangu ilisoma 12.1. "Ina njaa," mzee akasema. "Haijafa. Ina njaa."

HATUA YA 3: WAKATI WA STATA

Acha mita palepale, mwambie mtu apige stata. Namba itashuka, ni kawaida. Betri iliyoshiba ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, ni dhaifu. Ila usiihukumu betri yenye njaa kwa kipimo hiki. Ichaji kwanza, halafu uirudie. Mjini watu wanatupa betri nzima kwa sababu tu haijala.

HATUA YA 4: INJINI INAUNGURUMA

Hapa ndipo kesi inapoanza kueleweka. Gari ikiwa imewaka, pima kwenye betri tena. Gari nyingi zinatakiwa zisome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, au inashuka polepole kadiri dakika zinavyokwenda, betri hailishwi. Ikipita 15, inalishwa mpaka kuvimbiwa. Regyuleta imechanganyikiwa, asidi inachemka, balbu zinaungua ovyo na unasikia harufu ya yai bovu. Gari ya namna hiyo usiiendeshe kwenda mbali.

Ya kwetu ilisoma 13.2. Si mzima, si mgonjwa. Mzee akatikisa kichwa.

HATUA YA 5: MBEBESHE MZIGO

"Washa taa kubwa. Feni mpaka mwisho. Kiyoyozi. Piga resi kidogo."

Hiyo ndiyo hali halisi ya dereva wa Dar usiku kwenye foleni ya barabara ya Morogoro. Alteneta nzima ikibebeshwa mzigo, na injini ikizunguka mara 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, inabaki juu ya 13 bila kutetereka. Mita yetu ikashuka mpaka 12.4.

Binamu yangu akanitazama. "Si nilikwambia alteneta imekufa?"

Hapo ndipo mafundi wengi wanasimama, na hapo ndipo pesa zako zinapoondoka. Mzee hakusimama.

HATUA YA 6: FUATA NJIA

Akaacha waya mweusi kwenye hasi ya betri. Ule mwekundu akauhamishia nyuma ya alteneta yenyewe, kwenye ile nati kubwa inapotokea waya mnene. Mizigo yote bado imewashwa. Mita ikasoma 14.3.

Soma tena, msomaji. Alteneta inatoa 14.3, betri inapokea 12.4. Volti 1.9 zimepotelea njiani! Mshahara umelipwa, kibubu ni kizima, mwizi yuko barabarani.

Njia nzuri ina waya safi na nati zilizokaza, na tofauti yake haizidi volti 0.2 au 0.3. Unaweza kuipima moja kwa moja. Nyekundu ya mita weka kwenye nati ya alteneta, nyeusi kwenye chanya ya betri, mizigo imewashwa. Ile namba ndogo utakayoiona ndiyo inayopotea. Halafu fanya hivyohivyo upande wa pili, kutoka bodi ya alteneta mpaka hasi ya betri. Hapo pia isizidi 0.2. Ikizidi, waya wa ethi umeoza au umelegea.

Kwetu upande wa ethi ulikuwa safi. Mzee akafungua kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti, akapeleka kidole karibu na ile fyuzi kubwa ya kuchaji, akakirudisha haraka. Moto! Tukazima gari, akatoa betri kwenye hasi, akashika nati ya waya mnene. Ilizunguka kwa vidole viwili. Chini yake kijicho cha waya kilikuwa cheusi, kimeungua pembeni kama mahindi ya kuchoma.

Piga hesabu. Kwa taa, feni na kiyoyozi ni umeme wa ampea 30 hivi. Zidisha kwa volti 1.9, unapata wati 57. Balbu moja ya taa kubwa ya mbele ni wati 55. Maana yake ndani ya kile kisanduku cha plastiki kulikuwa na joto la taa nzima likiwaka kila usiku, pembeni ya nyaya. Betri mbili zimekufa, lakini hilo lilikuwa dogo. Gari ingeweza kushika moto na abiria ndani.

Mzee akakata kijicho kile, akafunga kipya, akasugua, akakaza kwa spana. Tukawasha, tukabebesha mizigo yote. Kwenye betri: 13.9. Tofauti: 0.1. Gharama ya kijicho na ufundi haikufika bei ya chipsi kuku za watu wawili.

Betri ile ya pili ikachajiwa polepole usiku kucha, na bado inafanya kazi. Mkopo ukarudishwa ulikotoka. Ada ikalipwa, ingawa kwa kuchelewa. Ila betri ya kwanza ilishauzwa kwa wanunua vyuma chakavu, na zile alfajiri za uwanja wa ndege hazirudi.

KAMA NAMBA ZAKO NI NYINGINE

Si kila gari itakuwa na ugonjwa uleule. Kama nyuma ya alteneta kwenyewe unasoma 12 na kitu, tatizo liko kwenye alteneta au kwenye vinavyoiamsha. Anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi kuna fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT, na hukatika mara mtu anapochanganya chanya na hasi wakati wa kuazima umeme wa gari nyingine. Angalia pia ile soketi ndogo ya nyuma ya alteneta kama imechomoka.

Fyuzi ikiwa nzima, mwambie fundi aigonge alteneta kidogo kwa mpini wa bisibisi injini ikiunguruma, mbali na mkanda. Ikishtuka ikaanza kuchaji, kaboni zimeisha. Kaboni na regyuleta hubadilishwa peke yake kwenye alteneta nyingi, kwa pesa ndogo kuliko alteneta nzima. Na alteneta ya mtumba pima kabla hujaondoka. Nayo ilitolewa kwenye gari ya mtu, na kaboni zake zimeshatembea.

Dayodi nazo zina kipimo chao. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiwaka. Ikizidi 0.5, kuna dayodi imekufa. Dalili nyingine ni taa ya dashibodi kuwaka kwa kufifia, au redio kukoroma kadiri unavyopiga resi. Dayodi mbovu inaweza pia kuinyonya betri usiku gari ikiwa imezimwa.

MWIZI WA USIKU

Hapo kuna kesi nyingine. Gari inachaji vizuri, 14.2 safi, lakini ukiilaza siku mbili haiwaki. Kuna kitu kinakunywa umeme umelala.

Balbu ya buti ya wati 5 isiyozimika inakula ampea 0.4 hivi. Kwa siku nzima ni karibu ampea-saa 10. Betri yako ya ampea-saa 45 itakwisha ndani ya siku nne tano, na itagoma kuwasha gari kabla ya hapo. Ving'ora vilivyofungwa ovyo, vifaa vya kufuatilia gari na redio zilizounganishwa kwa waya wa kuokoteza ni ndugu zake.

Fundi anapima kwa kutoa waya wa hasi na kuweka mita ya ampea katikati. Milango ifungwe, asubiri nusu saa mpaka saa nzima ili kompyuta za gari zilale. Gari nyingi nzima hazizidi ampea 0.05. Ikizidi sana, anatoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Ile iliyoiangusha ndiyo inayomlisha mwizi. Onyo: mita ikiwa imekaa hivyo, usithubutu kupiga stata, utaichoma.

Na nyie wenzangu wa muziki mnene, msijifiche. Amplifaya inayokunywa wati 1,000 kweli kweli inataka zaidi ya ampea 70. Alteneta nyingi za gari ndogo zinatoa kati ya 60 na 100, tena kwa resi, na gari ikisimama kwenye foleni zinatoa pungufu. Taa na kiyoyozi watakula wapi? Mtaa mzima unacheza, betri inalia.

MCHEZO UNAOUA KONTROLI BOKSI

Kuna fundi atakwambia: "Ngoja nikuonyeshe bosi," anachomoa waya wa betri gari ikiwaka. Gari isipozima, anasema alteneta nzima. Mkataze!

Mchezo huo ni wa enzi za dainamo. Chrysler ya Marekani ilipoifunga alteneta kwenye gari yake ya Valiant mwaka 1960, magari mengi bado yalikuwa ya dainamo na hayakuwa na kompyuta. Leo ukichomoa betri, umeme wa alteneta unaweza kuruka ghafla mpaka volti nyingi, maana betri ndiyo iliyokuwa ikiutuliza. Anayelipa ni kontroli boksi, redio na dayodi. Mita inakupa jibu lilelile bila hatari.

Mambo mawili zaidi kwa gari za siku hizi. Moja, gari nyingi za miaka ya karibuni, na Honda tangu zamani, hupunguza kuchaji kwa makusudi ili kubana mafuta. Ukisoma 12.7 bila mzigo usipige kelele. Washa taa kubwa na feni, utaona inapanda. Mbili, Prius na haibridi nyingine za Toyota hazina alteneta ya mkanda. Betri yao ndogo inachajiwa na kifaa kinachotoa umeme kwenye betri kubwa ya volti nyingi. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Hizo usizishike, umeme huo unaua.

UKIFIKA GEREJI

Usiende na jibu, nenda na dalili: inagoma asubuhi tu au mchana pia? Baada ya mvua? Baada ya kufunga redio? Halafu sema kwa heshima, "Fundi, naomba tuone namba." Fundi wa kweli hatachukia, atafurahi kupata mteja anayeelewa. Anayenuna ukitaja mita, mshukuru, kunja kona.

Namba za kukariri ni nne: 12.6 gari ikiwa imelala, zaidi ya 9.6 wakati wa stata, 13.8 mpaka 14.5 injini ikiwaka, na isizidi 0.3 kupotea njiani. Zikitimia zote na betri bado inakuangusha, basi nunua mpya kwa roho safi. Imezeeka, na joto letu la pwani halizibembelezi betri.

Kata ukurasa huu, uweke kwenye dashibodi pamoja na mita yako. Na mshikaji akikuomba umkopeshe hela ya betri, mpe kwanza ukurasa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda na gari ikiwaka.